Sumukuvu na vumbi la kuvu kwenye vituo vya mboji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanaogeuza, wanaochekecha na wanaofungasha mboji, na wasimamizi wao, na majirani wanaokaa upande upepo unakoelekea. Tumeanza na ya msingi, tukaishia na hali za pekee. Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Sumukuvu ni nini, na zinafikaje hewani?

Sumukuvu ni kemikali ambazo baadhi ya kuvu huzitengeneza zinapokua, nyingi kwa ajili ya kupigana na vijidudu vingine vinavyogombea chakula kilekile. Kwenye mboji ushindani huo ni mkali, kwa hiyo sumu hizi ni jambo la kawaida ndani ya tuta.

Sumukuvu hazipandi hewani kama mvuke wa petroli. Karibu zote ni nzito mno kuwa mvuke kwenye joto la kawaida. Zinasafiri zikiwa zimebebwa na spora za kuvu, yaani mbegu zake ndogo mno, na vipande vya nyuzi zake, na vumbi la majani na mbao lililolowa sumu likakauka. Hili ndilo jambo la kulishika kabla ya mengine yote: pasipo na vumbi hewani hakuna sumukuvu hewani. Tuta lililotulia na lenye unyevu hutoa kidogo sana. Tuta hilohilo likigeuzwa likiwa kavu, hewa inayolizunguka hubadilika kwa dakika chache tu.

2. Kinachoniumiza ni sumu, au ni kuvu zenyewe?

Mara nyingi ni mchanganyiko, na sumukuvu si lazima ziwe sehemu kubwa ya madhara. Vumbi la mboji lina vitu vinne au vitano vinavyofika mapafuni kwa pamoja:

- spora hai, ambazo kwa mtu mwenye kinga dhaifu zinaweza kuota ndani ya mwili;
- spora hai na zilizokufa, ambazo mwili huzichukulia kama adui na kuleta mzio;
- sumukuvu zilizo juu na ndani ya spora;
- endotoksini, yaani vipande vya ngozi ya nje ya aina fulani za bakteria, ambavyo huwasha mapafu hata bakteria wakiwa wamekufa;
- glukani, sehemu ya ukuta wa seli za kuvu, ambayo nayo huchochea uvimbe.

Kwa hiyo mtu anayesema "nimeathirika na sumukuvu" baada ya zamu ya kuchekecha huenda ameathirika zaidi na endotoksini. Kwa daktari tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu matibabu yake hayafanani. Kwa anayepanga kazi haina uzito huo, maana kinga ya yote ni moja: kuzuia vumbi.

3. Ni kuvu zipi hasa?

Anayetajwa kwanza daima ni Aspergillus fumigatus. Hukua vizuri kwenye joto la mwili wa binadamu, nyuzi 37 za Selsiasi, na huendelea kukua hadi karibu nyuzi 55, kiwango ambacho kuvu nyingi haziwezi kukivumilia. Spora zake zina upana wa mikromita 2 hadi 3.5, na chembe za ukubwa huo hupita puani na kooni zikafika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Miongoni mwa sumu zake zimo gliotoksini, fumagilini, verukulojeni na triptokwivalini.

Wengine ni Aspergillus flavus, anayeweza kutoa aflatoksini, aina kadhaa za Penicillium, na jamii za Mucor na Rhizopus. Pamoja nao kuna aktinomiseti, bakteria wenye nyuzi kama za kuvu wanaopenda joto. Hawatoi sumukuvu, lakini ndio wasababishi wakubwa wa ugonjwa ulioelezwa kwenye swali la 7.

4. Harufu mbaya ni dalili kwamba hewa ina sumu?

Hapana. Harufu ya mayai yaliyooza au ya amonia inaeleza hali ya oksijeni na nitrojeni ndani ya tuta. Harufu ya udongo mbichi hutoka kwenye kemikali nyepesi za aktinomiseti na kuvu, ambazo hutangulia kufika puani. Sumukuvu zenyewe hazinuki. Mboji iliyokomaa, kavu na isiyonuka inaweza kurusha spora nyingi kuliko taka mbichi inayowafanya watu wazibe pua. Wafanyakazi wengi huvua barakoa wanapofika sehemu ya mboji iliyokomaa kwa sababu "huku hakunuki", na hapo ndipo vumbi linapokuwa baya zaidi.

5. Joto la tuta si linaua kila kitu?

Linaua vingi. Kanuni ya Marekani ya kuua vimelea inataka nyuzi 55 au zaidi kwa siku 3 mfululizo kwenye chombo kilichofungwa au tuta linalopulizwa hewa, au siku 15 zenye kugeuza mara 5 kwa matuta ya wazi. Lakini kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya vimelea vya tumbo na minyoo. Haikutungwa kwa ajili ya kuvu.

Kuvu huponea pembeni. Kiini cha tuta kikiwa na nyuzi 65, ganda la nje la sentimita 10 hadi 20 linaweza kuwa na nyuzi 35 hadi 45, yaani joto lilelile A. fumigatus analolipenda. Ukiligeuza tuta, ganda hilo huingia ndani na sehemu nyingine hutoka nje kuwa ganda jipya. Tuta likipoa wakati wa kukomaa, kuvu hurudi kwa nguvu.

Tena joto likiua kuvu haliondoi sumu yake. Aflatoksini, kwa mfano, huvumilia joto kubwa mno kuliko la tuta lolote. Sumu hupungua baadaye kwa kazi ya bakteria wanaozivunja, na kazi hiyo inahitaji unyevu, hewa na wiki nyingi.

## Maradhi na dalili

6. Niligeuza tuta kavu asubuhi. Usiku nikapata homa, baridi na maumivu ya misuli. Ni nini?

Inafanana na homa ya vumbi la mimea. Huanza saa 4 hadi 12 baada ya kuvuta vumbi jingi: homa, kutetemeka, kichwa, uchovu, misuli kuuma, kifua kubana na kikohozi kikavu. Kwa kawaida huisha ndani ya siku 1 hadi 3 bila dawa maalumu. Dalili moja ya kuitambua ni kwamba huwapata wengi kwa pamoja. Watatu kati ya wanne mliokuwa kazini mkiugua usiku uleule, lishuku vumbi kabla ya kushuku mafua.

Huwapata zaidi wageni wa kazi na wanaorejea kutoka likizo, kwa sababu mwili ukikutana na endotoksini kila siku hupunguza ukali wa mwitikio wake. Mwitikio ukipungua haina maana mapafu yamepata kinga. Yanaendelea kuathirika bila kukupa onyo.

Ukiipata, acha kazi yenye vumbi, pumzika, kunywa maji ya kutosha, na uandike saa ulipoanza kazi, ulifanya nini, na saa dalili zilipoanza. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukihema kwa shida ukiwa umekaa, midomo ikigeuka rangi ya bluu, au ukikohoa damu. Homa ikipita siku 3 nenda hata kama unajiona una nafuu. Mahali penye malaria pima malaria kwanza, usidhanie.

Mwambie daktari waziwazi kwamba unafanya kazi na mboji. Kuna nimonia ya bakteria aitwaye Legionella longbeachae, anayejulikana sana Australia na New Zealand, ambayo hutokana na mboji na udongo wa kupandia. Huanza siku kadhaa baada ya kuvuta vumbi, na dawa za jamii ya penisilini haziitibu. Daktari asiyejua kazi yako hana sababu ya kuifikiria.

7. Dalili zangu zinarudi kila nikigeuza mboji. Hiyo nayo ni homa ya vumbi?

Zikirudi mara kwa mara, hasa zikiambatana na kuishiwa pumzi na kupungua uzito, fikiria nimonia ya mzio, ile iliyojulikana kwanza kwa wakulima walioshika nyasi kavu zenye ukungu. Nayo huanza saa 4 hadi 8 baada ya kuvuta vumbi, kwa hiyo siku ya kwanza si rahisi kuitofautisha na homa ya swali la 6. Tofauti ni hizi: huwapata wachache tu ambao miili yao imekwisha kuzoeshwa mzio, mara nyingi picha ya kifua huonyesha mabadiliko, ilhali kwenye homa ya vumbi picha huwa safi, na kiasi kidogo tu cha vumbi kinatosha kuirudisha.

Ikiachwa huacha makovu mapafuni, na makovu hayo hayafutiki. Daktari hutumia picha ya CT, kipimo cha kupuliza pumzi, na kipimo cha damu cha kingamwili za aktinomiseti na kuvu. Kipimo hicho cha damu kikiwa chanya kinaonyesha tu kwamba umekutana na vijidudu hivyo. Hakithibitishi ugonjwa, na wapo wafanyakazi wazima kabisa wenye kingamwili nyingi.

Aliyethibitika kuwa nayo anatakiwa aondolewe kwenye vumbi kabisa. Barakoa nzuri hupunguza dozi, lakini mwili uliokwisha kuzoea mzio hauhitaji dozi kubwa. Msimamizi anayempa mtu huyu barakoa na kumrudisha kwenye chekeche anaharibu mapafu ya mwenzake.

8. Macho kuwasha, mafua yasiyoisha na kikohozi cha asubuhi vina maana gani?

Ni malalamiko ya kawaida kuliko yote kwenye vituo hivi. Vumbi huwasha utando wa macho, pua na koo hata bila mzio. Zikipungua siku za mapumziko na kurudi ukirudi kazini, chanzo ni kazi. Kifua kikianza kupiga mluzi, pima pumu. Wenye pumu tangu zamani wana hatari ya ziada, kwa kuwa kuvu ya Aspergillus inaweza kukaa kwenye makamasi ya njia za hewa na kuleta mzio mkali unaoziharibu taratibu.

9. Sumukuvu za hewani husababisha saratani?

Aflatoksini zimewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi huo umejengwa zaidi juu ya chakula na ini. Kwa njia ya hewa ushahidi ni mchache, ingawa huko Ureno aflatoksini B1 imekutwa kwenye damu ya wafanyakazi wa taka. Kuvu kuu ya mboji, A. fumigatus, haihesabiwi miongoni mwa wazalishaji wa aflatoksini, kwa hiyo wasiwasi wa saratani uelekezwe zaidi kwenye mizigo ya nafaka, karanga na vyakula vya mifugo vilivyooza (swali la 20).

10. Nani hapaswi kufanya kazi hii kabisa?

Mtu ambaye kinga yake haiwezi kuua spora. Ndani yake wamo waliopandikizwa uboho au kiungo, wanaotibiwa saratani ya damu, wanaotumia dozi kubwa za steroidi kwa muda mrefu, na wenye ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyeupe za damu zinameza kuvu lakini zinashindwa kuiua. Kwa hao spora huota ndani ya mapafu na kuingia kwenye mishipa ya damu, na ugonjwa huo huua. Kwa wenye ule ugonjwa wa kurithi, hata kutawanya matandazo ya mbao bustanini kwa saa moja kunaweza kuleta nimonia ya hatari.

Wenye mashimo mapafuni yaliyoachwa na kifua kikuu nao wajiepushe, kwa sababu kuvu hupenda kuota ndani ya mashimo hayo. Wenye pumu isiyotulia na ugonjwa sugu wa mapafu wapewe kazi ya mbali na vumbi. Mjamzito mwenye afya njema hana katazo maalumu la kuvu, lakini barakoa zenye ukinzani mkubwa wa pumzi zitamchosha, na homa yoyote wakati huo si ya kuchezea. Mpangie kazi nyingine.

## Kupunguza vumbi kazini

11. Kazi zipi ni mbaya zaidi?

Kuchekecha, kugeuza, kusaga matawi, na kufagia. Kufungasha mifuko ndani ya banda hufuata kwa karibu. Hewa ya kawaida ya nje huwa na spora chache za A. fumigatus, mara nyingi chini ya 100 kwa mita moja ya ujazo. Jirani na mashine inayogeuza, vipimo vya makumi ya maelfu hadi mamilioni vimewahi kupatikana. Mtu anayefanya kazi ya wastani huvuta takriban mita 10 za ujazo za hewa kwa zamu ya saa 8, kwa hiyo unaweza kukisia mwenyewe kinachoingia.

Tena chembe ya mikromita 3 ikiwa kwenye hewa iliyotulia hushuka karibu mita 1 tu kwa saa. Vumbi lililorushwa saa nne ndani ya banda lililofungwa linaweza kuwa bado linaelea mnapokaa kula saa sita.

12. Unyevu gani unafaa, na nimwagie maji lini?

Lenga asilimia 50 hadi 60 wakati mboji inapika. Chini ya 40 vumbi hupanda ovyo. Kwa mkono: kamata konzi moja na ubane kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, uko karibu na 60. Likibaki bonge lisilodondosha maji, uko karibu na 50. Likimomonyoka ukifungua kiganja, usigeuze. Chimba sentimita 30 kabla ya kupima, kwani ganda la juu hudanganya.

Hesabu ya maji ni rahisi. Tani moja yenye unyevu wa asilimia 35 ina kilo 650 za kitu kikavu. Ili iwe na asilimia 50 lazima ifike kilo 1,300, kwa hiyo ongeza lita 300. Ikianzia asilimia 40, lita 200 zinatosha.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: mboji iliyokauka sana hukataa maji. Ukimwaga lita 300 kwa mkupuo zinateremka ubavuni mwa tuta na kuacha kiini kikavu vilevile. Mwagia jioni ya kuamkia siku ya kugeuza, mara tatu au nne, ukiacha nusu saa katikati, na fungua mfereji mdogo juu ya mgongo wa tuta ili maji yazame. Asubuhi geuza huku nozeli za ukungu wa maji zikifanya kazi mbele ya mashine.

Kuchekecha ni mtihani mwingine, kwa sababu mboji yenye zaidi ya asilimia 45 huziba matundu ya chekeche na mwendeshaji hulazimika kuikausha. Ishike kwenye 40 hadi 45, punguza kimo cha kuangukia kwa kushusha mkanda, funika mdomo wa kutolea kwa mapazia ya raba, na weka ukungu wa maji pale inapodondokea.

13. Naweza kunyunyizia maji machafu yanayotiririka kutoka kwenye matuta?

Kwa kumwaga polepole kwa mpira, kwenye tuta ambalo bado halijapita hatua ya joto kali, ndiyo. Kwa nozeli ya ukungu, hapana. Maji hayo yamejaa bakteria na endotoksini, na ukiyapasua kuwa matone madogo unaongeza hewani kilekile ulichotaka kukizuia. Usiyatie pia kwenye mboji iliyokwisha kupita hatua ya joto, yatairudishia vimelea.

14. Nakaa ndani ya kebini iliyofungwa. Nimekingwa?

Inategemea kebini. Kebini nzuri husukuma hewa safi ndani mpaka shinikizo lake linazidi la nje, ili hewa itoke kwenye nyufa badala ya kuingia. Kiwango cha kimataifa ISO 23875 kinataka angalau paskali 20. Hewa ipite kwanza kwenye filta ya awali, kisha filta ya HEPA, ile ya karatasi inayonasa hata chembe ndogo mno. Fungeni kipimo cha shinikizo mbele ya dereva. Bila hicho hakuna anayejua kama mfumo unafanya kazi.

Makosa yanayoharibu kebini ni yaleyale kila mahali. Dirisha linafunguliwa kwa sababu kiyoyozi kimekufa, na kuanzia hapo filta haina kazi, kwa hiyo kiyoyozi kihesabiwe kuwa kifaa cha afya na kitengenezwe siku hiyohiyo. Raba za mlango zimekakamaa. Filta ya HEPA imepulizwa kwa upepo wa kompresa ili "isafike": karatasi yake hupasuka mahali usipopaona, na aliyepuliza amejimwagia usoni spora za miezi kadhaa. Filta ya HEPA hubadilishwa, haisafishwi. Filta imewekwa bila kukaa sawa kwenye mpira wake, na hewa inapita pembeni.

Kisha kuna sakafu. Tope la mboji linaingia na mabuti, linakauka miguuni mwa dereva, na feni inalirusha mchana kutwa. Weka mkeka wa raba unaotoka na kuoshwa, na mwisho wa zamu futa dashibodi, kiti na sakafu kwa kitambaa kibichi. Dereva anayeshuka mara kumi kwa zamu kuzibua chekeche ahesabiwe kama mfanyakazi wa nje, avae barakoa.

15. Barakoa ipi inatosha?

Ya kitambaa na ile ya upasuaji hazitoshi. Kiwango cha chini ni barakoa ya vumbi ya daraja la FFP2 (la Ulaya) au N95 (la Marekani). Kwa kugeuza, kuchekecha na kusafisha tumia FFP3, au nusu-uso ya raba yenye filta za P3 au P100. FFP3 huhesabiwa kupunguza dozi mara 20, FFP2 mara 10. Barakoa yenye injini ndogo inayosukuma hewa na kofia pana, daraja la TH3, hupunguza mara 40, na ndiyo pekee kati ya hizi inayomfaa mwenye ndevu.

Spora ya mikromita 3 hunaswa kirahisi na karatasi ya barakoa. Inayoingia hupita pembeni. Kwa hiyo hakikisha kamba zote mbili zimefungwa, ya juu kichwani na ya chini shingoni; bana waya wa pua kwa vidole vya mikono miwili; kisha pumua kwa nguvu ukisikiliza hewa inayogonga macho au mashavu. Ndevu hata za siku moja huvujisha. Barakoa iliyolowa jasho ikawa ngumu kupumulia itupwe. Usiitundike shingoni ukaivaa tena, upande wa ndani utakuwa umejaa vumbi. Filta za gesi peke yake, zile za makopo ya mkaa, hazizuii spora.

16. Usafi wa nguo na eneo ufanyweje?

Usifagie pakiwa pakavu na usipulize nguo kwa kompresa. Osha sakafu kwa maji ya mgandamizo mdogo, au tumia mashine ya kufyonza vumbi yenye filta ya daraja H, inayonasa vumbi la hatari. Ovaroli zibaki kituoni na zifuliwe huko. Ovaroli iliyopelekwa nyumbani kwenye gari hupeleka spora kwa watoto. Chumba cha kulia kiwe upande upepo unakotoka, na mabuti yaishie mlangoni.

## Vipimo

17. Tupime hewa vipi, na kikomo ni kipi?

Hakuna kikomo kinachokubalika kimataifa cha sumukuvu hewani. Vilivyopo ni vya vitu vinavyosafiri nazo. Wataalamu wa afya wa Uholanzi wamependekeza endotoksini zisizidi uniti 90 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8. Uingereza hutumia makoloni 500 ya A. fumigatus na 1,000 ya bakteria kwa mita ya ujazo, yanayopimwa kwa majirani. Usizitumie namba hizo mbili za mwisho kama kikomo cha mfanyakazi.

Kwa mfanyakazi, weka kichwa cha kupimia kwenye kola, karibu na pua, pampu ikivuta lita 2 kwa dakika zamu nzima, na pima vumbi na endotoksini za filta hiyo. Kifaa cha Andersen, kinachovuta lita 28.3 kwa dakika na kuzipanga chembe kwa ukubwa kwenye visahani, kinafaa kwa spora hai, lakini karibu na chekeche visahani hujaa kwa muda mfupi sana na hesabu hupotea. Kumbuka pia kwamba kuotesha huhesabu walio hai tu. Spora iliyokufa haioti, na bado ina sumu na mzio wake wote. Kipimo kimoja cha siku tulivu hakina maana. Pima siku ya kugeuza, siku ya kuchekecha, na upande wa upepo unakotoka kwa kulinganisha.

18. Kuna kipimo cha damu au mkojo cha sumukuvu?

Kipo, lakini hakitofautishi sumu uliyoivuta na uliyoila kwenye nafaka wiki hiyo. Kwa mfanyakazi mmoja mmoja fedha hiyo ni bora itumike kupima pumzi kabla hajaanza kazi, kisha kila mwaka. Kushuka kwa namba zake mwenyewe ndiko kunakoonya mapema.

## Majirani na hali za pekee

19. Nyumba ziwe umbali gani?

Uingereza hutumia mita 250 kama mpaka ambao kituo kikiwa karibu zaidi na nyumba au mahali pa kazi, hutakiwa kufanya tathmini maalumu. Ndani ya umbali huo idadi ya spora kwa kawaida hupungua hadi ile ya hewa ya eneo lolote. Hospitali yenye wagonjwa wa kinga dhaifu inahitaji nafasi zaidi.

Wengi hugeuza alfajiri kwa kuwa hakuna upepo. Kwa majirani huo ni wakati mbaya, maana hewa ya baridi hulala chini na wingu la spora hutambaa bila kupanda. Katikati ya asubuhi, jua likishapasha ardhi na upepo ukielekea mbali na nyumba, ni bora zaidi.

20. Tunaletewa mahindi na karanga zilizokataliwa kwa aflatoksini. Tupokee?

Mnaweza, kwa masharti. Mzigo ulowe kabla ya kumwagwa, uchanganywe siku hiyohiyo na mboji mbichi yenye unyevu, usisagwe ukiwa mkavu, na usirundikwe pembeni kungoja. Wapakuaji wavae FFP3. Mboji hiyo ipewe muda mrefu wa kukomaa, kama ilivyoelezwa kwenye swali la 5. Weka ulinzi ili mzigo usichukuliwe na mtu akaulisha mifugo au kuuza.

Chipsi za mbao zilizokaa zikalowa zinastahili tahadhari hiyohiyo, maana ni makazi makubwa ya A. fumigatus. Pokea kiasi cha kutumia wiki chache.

21. Banda lililofungwa si salama zaidi?

Kwa majirani, ndiyo. Kwa aliye ndani, si lazima: vumbi halina pa kwenda (swali la 11). Hewa ivutwe kutoka pale vumbi linapozaliwa, si kutoka darini tu. Kichujio cha kibiolojia cha chipsi za mbao hupunguza spora zinazotoka, lakini kikikauka chenyewe hugeuka chanzo. Kikague unyevu kila siku.

22. Nafungua mifuko ya mboji nyumbani. Hatari ipo?

Ndogo kwa mwenye afya, lakini ipo. Mwaka 2008 madaktari wa Uingereza waliandika katika jarida la Lancet kisa cha mwanamume wa miaka 47 aliyekufa kwa nimonia ya Aspergillus, baada ya kufungua mifuko ya matandazo yaliyooza na kugubikwa na mawingu ya vumbi. Fungua mfuko nje, kwa kisu, mdomo ukielekea mbali na uso. Mimina maji ndani kabla ya kumwaga. Vaa FFP2 na glavu. Nawa mikono kabla ya kula au kuvuta sigara.

23. Mbwa wa kituo amekula mboji na anatetemeka.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja. Ukungu wa vyakula vinavyooza, hasa mikate, jibini na mabaki ya jikoni, unaweza kuwa na penitremu na rokefotini, sumu za mishipa ya fahamu zinazoleta mtetemeko, joto kali na degedege ndani ya saa chache. Hiyo ni sumu ya kuliwa na haihusiani na hewa. Usimtapishe akiwa tayari anatetemeka, anaweza kupaliwa.

24. Tunasikia kuvu ya mboji haisikii dawa. Ni kweli?

Ni kweli kwa baadhi ya mboji. Mabaki ya mimea iliyopuliziwa dawa za kuvu za jamii ya azoli hubeba dawa hizo hadi kwenye tuta. A. fumigatus akiishi nazo kwa dozi ndogo, wale wenye mabadiliko ya kuwawezesha kustahimili ndio wanaobaki na kuzaana. Dawa kuu za hospitali dhidi ya maambukizi ya Aspergillus, kama vorikonazoli, ni za jamii hiyohiyo. Uholanzi imelichunguza sana jambo hili kwenye taka za vitunguu vya maua, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka A. fumigatus kwenye kundi la juu kabisa la kuvu zinazohitaji kushughulikiwa haraka.

Uliza mzigo wa bustani za maua umepuliziwa nini na lini. Usiuache ukioza wenyewe kwa miezi kwenye kona. Ni katika rundo kama hilo, la joto la wastani na lisilogeuzwa, ambamo kuvu sugu huzaliana. Uingize kwenye tuta lenye joto haraka. Na mfanyakazi akilazwa kwa maambukizi ya Aspergillus, daktari aelezwe kazi yake siku ya kwanza, ili sampuli ipimwe usugu kabla ya dawa ya kwanza kuonekana haifanyi kazi.